Ushirika wa stima hauna tajiri wa kugawiwa faida, mbona bei hupanda?

Jahazi_Pate
Salaam aleikum jamaa. Kuna mpango wa ushirika wa stima ya jua kisiwani, nyumba 150, kila mwanachama na hisa yake. Swali lililozuka kikaoni: Marekani vyama hivi vipo tangu miaka ya 1930, wateja ndio wenye mali, na bado bei hupandishwa. Sababu ni nini? Wanachama waambiwe nini kabla ya kutoa pesa?

Mizani_Malindi
Wa aleikum salaam. Vyama vingi vya kule havizalishi stima. Huinunua kwa jumla kutoka ushirika mkubwa wa uzalishaji, na ununuzi huo ndio unaokula sehemu kubwa ya pesa. Bili yake ina mafungu mawili: yuniti zilizotumika, na kilowati za saa ambayo mzigo ulikuwa mkubwa kuliko zote. Asubuhi moja ya baridi kali kila nyumba ikiwasha hita, saa hiyo moja hupandisha bili ya mwezi mzima.

Halafu nyumba ziko mbalimbali. Kwa wastani wana wateja kama 8 kwa maili moja ya laini, makampuni ya kibiashara yana karibu 32. Nguzo ni zile zile, wa kuzilipia ni robo.

Lililo zito zaidi ni mkopo. Vyama vingi hukopa serikalini kupitia RUS, idara ya Marekani ya huduma za vijijini, iliyorithi kazi za REA, idara ya kusambaza stima vijijini ya 1935. Mkopeshaji hakubali chama kimalize mwaka mikono mitupu: kikilipa riba ya milioni 1, kibakishe ziada ya angalau 250,000, wakipima kwa miaka miwili iliyo bora kati ya mitatu. Ziada ikipungua, bodi haina budi kupandisha bei. Pesa hiyo huandikwa kwa jina la kila mwanachama kwa kadiri ya alivyonunua, lakini kurudishwa huchukua miaka mingi, maana kwanza inajenga laini.

FundiLaini
Kwa nyumba 150 fanyeni hesabu hivi. Chukulia mtambo unatoa yuniti 100 kwa siku, yaani 36,500 kwa mwaka. Zikipotea asilimia 10 kwenye waya na inveta, za kuuza ni 32,850. Sasa betri: ikiwa ni ya milioni 3 na itadumu miaka 10, tengeni 300,000 kila mwaka. Hiyo ni zaidi ya shilingi 9 kwa kila yuniti, kabla ya mshahara wa fundi. Vikundi vingi huiacha nje ili bei ya kwanza ionekane tamu. Betri ikichoka, bei inaruka ghafla na watu wanasema wameibiwa.

Na msisahau chumvi. Waya wa alumini wenye kiini cha chuma huliwa ndani kwa ndani, nje ukionekana mzima. Takeni wa aloi ya alumini mtupu, na bolti zilizopakwa zinki kwa kuzamishwa. Wakati wa kaskazi chumvi na vumbi hugandamana kwenye vikombe vinavyoshikilia waya usiguse nguzo, ukungu au mvua ya kwanza ikija stima inavujia kwenye nguzo na kichwa chake kinaungua. Zimeni laini, muoshe kwa maji matamu kabla ya mvua. Ni kazi ya siku moja, lakini ina mafundi na gharama, iingie kwenye bei.

Jahazi_Pate
Ahsanta sana. Na jenereta ya dizeli ya kusaidia usiku?

FundiLaini
Ikibeba mzigo mzuri hunywa kama lita 0.35 kwa yuniti. Dizeli ikiwa shilingi 180, hiyo ni shilingi 63 ya mafuta tu, bado nauli ya mashua. Ikiendeshwa usiku kucha kwa taa chache, inakunywa zaidi kwa kila yuniti na masizi yanaganda ndani ya silinda. Iwashwe kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, mzigo ukiwa mkubwa, kisha izimwe.

Mizani_Malindi
Wanachama watalinganisha na tokeni za Kenya Power, kwa hiyo waelezeni mapema. Bei ya Kenya Power ni moja nchi nzima. Dizeli inayochomwa kwenye mitambo ya stima ya Faza au Kiunga, huko Lamu, hulipwa na wateja wote kupitia gharama ya mafuta iliyomo ndani ya tokeni. Ushirika wa nyumba 150 hauna mwingine wa kumbebesha.

Pia msidhani kubana matumizi kutashusha bei. Gharama zisizobadilika zikiwa milioni 1.2 kwa mwaka, kwa yuniti 32,850 ni kama shilingi 36.50 kila moja. Mauzo yakishuka hadi 24,000, zinakuwa 50. Ndiyo maana mashine ya barafu ya wavuvi, ikiendeshwa mchana jua likiwa kali, ina faida kuliko nyumba kumi mpya zinazowasha taa usiku.

Bei yoyote lazima ipitie EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati Kenya, kwa Sheria ya Nishati ya 2019. Kila mwezi bandikeni ubaoni nambari tatu: yuniti zilizozalishwa, zilizouzwa, na zilizolipiwa. Mbili za kwanza zikiachana, mpigieni fundi. Mbili za mwisho zikiachana, muulizeni mweka hazina.