Dipstiki ya giaboksi ya Honda Fit inanichanganya, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Jirani_wa_Kibos: Wakuu habari za jioni. Niko Kisumu na Honda Fit ya 2006, giaboksi ni CVT, ile otomatiki ya mkanda. Ikiondoka inatetemeka kama mtu wa malaria. Nimechomoa dipstiki injini ikinguruma nikaona oili iko chini kabisa. Swali langu ni moja tu, hiyo kitu hupimwaje? Jumamosi naenda Kericho.

Mkulima_Molo: Endesha ishike moto, simama mahali tambarare, pitisha gia zote, rudisha P, pima injini ikiwa inawaka. Premio yangu naipima hivyo miaka nane na imepanda Timboroa na mbuzi sita nyuma, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Spana_Kumi: Mzee wa Molo hiyo ni ya Toyota. Fit unaipasha moto, unazima, halafu unapima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Ikinguruma itakudanganya iko chini. Mwenye uzi, uliongeza kitu?

Jirani_wa_Kibos: Kidogo tu.

Spana_Kumi: Kidogo ya nini?

Nyar_Dunga: Mimi nauliza Kericho anaenda kufanya nini. Kama ni mahari, bwana wangu alikuja kwetu na baiskeli na tuko sawa.

Jirani_wa_Kibos: ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ile nyekundu, lita moja. Jamaa wa duka alisema oili ni oili. Na kutetemeka kulianza kabla, msinilaumu.

Spana_Kumi: Woi. Hiyo CVT inataka HMMF, oili ya Honda yenyewe ya CVT, si ATF. Ndani kuna mkanda wa chuma unabanwa na puli, oili ikiwa mbaya unateleza unakwaruza chuma. Mwaga, jaza ile yenyewe, zungukia mtaa, mwaga tena, maana ukimwaga mara moja nyingi inabaki ndani. Na hiyo mpando ya baada ya Awasi usiijaribu.

Jirani_wa_Kibos: Wazee wanne nishawaahidi lifti, sasa niwaambie wapande matatu? Nitaenda polepole. Halafu gari si yangu, ni ya shemeji, yuko Qatar, aliniachia niwe naiwasha tu betri isife.

Kamongo254: Betri haifi, inapelekwa Kericho 😂😂

Macho_Nne: Mimi siamini. Mwezi jana kulikuwa na uzi hapa wa Vitz, shemeji yuko Qatar, wazee wanne. Sasa HMMF ishatajwa, ngojeni mtu aje na namba ya kuuza.

Spana_Kumi: Mimi siuzi hata spaki plagi.

Jirani_wa_Kibos: Uzi wa Vitz si wangu, na shemeji wa Qatar wako wengi. Tishu niliyopangusia dipstiki ninayo hapa, imeshika pinki, nitaleta picha. Saa hii stima imepotea na simu iko asilimia 4.

Macho_Nne: Ndio hiyo.

Mkulima_Molo: Hata huku kwetu stima imepotea. Basi niwamalizie ile ya mbuzi. Tumefika Timboroa, mvua...