Napanda na mbolea ya DAP kila msimu, lakini mahindi yanageuka zambarau

Mwana_Malava: Wakulima wenzangu, hamjambo. Niko Malava, Kakamega, nalima ekari moja ya mahindi. DAP naweka kila msimu, na bado miche ikiwa michanga majani ya chini yanageuka zambarau kwenye kingo. Mwenye duka la pembejeo anasema niongeze mbolea ya CAN, jirani anasema 17-17-17, mama mkwe anasema samadi tu. Hizo namba za kwenye gunia ni za nini, na ninunue ipi?

Fundi_Udongo: Ndugu, ya kwanza ni nitrojeni, ya pili fosfati (ndiyo yenye fosforasi), ya tatu potashi, zote kwa asilimia. DAP ni 18-46-0, kwa hiyo gunia la kilo 50 lina kilo 9 za nitrojeni na 23 za fosfati. CAN ni ya kukuzia, fosfati haina kabisa, na zambarau ni dalili ya kukosa fosforasi. Ingekuwa nitrojeni, jani la chini lingekuwa manjano kuanzia nchani, likishuka katikati kama herufi V.

Mwana_Malava: Sasa fosforasi si ndiyo hiyo ninayoweka kwa DAP?

Mama_Shamba_Vihiga: Unaiweka mwanangu, ila udongo unaikamata. Huku magharibi mashamba mengi yana tindikali, na humo chuma na alumini huishika fosforasi mizizi isiipate. DAP nayo, mwaka baada ya mwaka, huzidisha tindikali. Pima udongo kwanza, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wana kituo hapo Kakamega. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikiwa chini ya 5.5, tafuta chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali, kama ile ya Koru, uichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kiasi fuata majibu ya kipimo, si maneno ya dukani. Na tafadhali chokaa usiiweke pamoja na samadi, nitrojeni itapotelea hewani.

Njoro_Juu: Mama mkwe msimpuuze. Samadi iliyooza ikawa nyeusi, isiyonuka, hulegeza udongo na kutunza maji. Mbichi ndiyo huunguza miche. Mimi huweka konzi moja kwa shimo na kifuniko cha soda cha mbolea ya kupandia, nafukia kidogo ndipo natia mbegu.

Mwana_Malava: Asanteni sana. Nikishavuna nitapeleka udongo. Nichote mahali pamoja?

Mama_Shamba_Vihiga: Hapana, zunguka shamba lote kwa zigizaga, kina cha sentimita 20. Changanya kwenye ndoo safi, utoe nusu kilo. Palipokuwa na boma la ng'ombe paruke.