Mrejesho: paka mweusi anatoka wa kijivu
Wakuu, shukrani. Niliuliza kwa nini paka mweusi akipigwa picha ndani anatoka wa kijivu, tena na ukungu. Kijivu ni kamera: ikiona weusi mtupu inadhani kuna giza, inazidisha mwanga. Shusha kipimo cha mwanga wa picha (alama ya +/-) hadi -0.7 au -1. Kwenye simu nyingi gusa jicho, shikilia fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole chini.

Ukungu ni spidi ya shata, yaani muda kamera inaokaa wazi kupokea mwanga. 1/60 ya sekunde haitoshi hata akijilamba tu. Kwa 1/250, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, dirisha likiwa ubavuni mwake, unaona hadi wekundu wa kahawia kwenye manyoya ya mgongo. Flashi zima kabisa: nyuma ya retina yake kuna utando unaorudisha mwanga, macho yanawaka kijani. Kuku wa uani ndio wasumbufu, shingo haitulii, anzia 1/1000.