Tupeane uzoefu: soksi yako ya kwanza ya sufu uliifumaje?

Mwanzisha mada, Moshi

Habari za jioni ndugu zangu. Baridi ya Julai imetukalia, mlima hatujauona wiki nzima. Nimeshika soksi ya mguu wa pili, nikaona nianzishe mada hii kwa wote wanaojifunza.

Mimi nilianza mwaka jana kwa ajili ya mdogo wangu. Ni mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, anabeba mizigo ya wageni njia ya Marangu. Anasema ukitoka kambi ya Mandara, mita 2,720, mpaka ufike Horombo, mita 3,720, soksi za pamba zimeshalowa jasho, na kule juu kambi ya Kibo usiku hazikauki ng'o. Sufu inanyonya jasho na bado mguu unabaki na joto. Nikamwahidi nitamfumia.

Nilichokuwa najua ni vitambaa vya makochi tu. Soksi inataka sindano tano fupi, zenye ncha pande zote mbili: nne zinashika vitanzi, ya tano ndiyo inayofuma. Madukani sikuzipata. Nikaenda kwa fundi baiskeli, akanikatia spoki tano, nikazisugua ncha kwa msasa mpaka zikaacha kukwaruza uzi. Spoki ina unene wa kama milimita 2, kwa uzi mwembamba inatosha kabisa.

Nikaanzisha vitanzi 64, 16 kila sindano. Juu nikafuma viwili wazi, viwili kinyume, ili pavutike. Mpaka hapo raha tupu. Kisha nikafika kwenye kisigino.

Kisiginoni unaacha vitanzi 32 vipumzike, unafuma 32 vilivyobaki kwenda na kurudi, mistari kama 32, unapata kipande kinachoning'inia. Halafu unafuma kupita katikati kidogo, unaunganisha viwili, unafuma kimoja, unageuza. Unageuza na huku sindano bado ina vitanzi! Kila nikifika hapo naona nimekosea, nafumua. Mara tatu. Mara ya nne nikasema leo nafuata maelekezo hata kama siyaelewi. Mstari wa tano, wa sita, kile kipande kikaanza kujikunja chenyewe, kikawa kama kibakuli. Nikamwita mama atoke jikoni aje aone.

Wewe kisigino ulikipataje? Na uzi mnatoa wapi?

Mama wa Sakina, Arusha

Hongera mwanangu. Uzi mimi natoa kwenye mitumba, pale soko la Kilombero. Natafuta sweta la sufu, nalifumua, soksi zinatoka jozi kadhaa. Ila kabla hujalipa ligeuze ndani uangalie pembeni. Ukiona limekatwa likapigwa ovaloki, liache, kila mstari utakatika ukabaki na vipande vifupi. Tafuta ambalo pembeni limeunganishwa kwa uzi mmoja, kama mnyororo. Hilo linafumuka lote kuanzia juu.

Na usidanganywe na lebo. Chomoa kipande kidogo nyumbani ukichome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazima wenyewe, majivu yanasagika kwa vidole. Ya plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama tambi. Uloweke, kisha uning'inize na chupa ya maji chini yake mpaka ukauke. Ukiufuma hivyo hivyo, vitanzi havilingani.

Mjukuu wa Machame

Mimi ni mwanaume na nafuma. Alinifundisha bibi, tukikaa jikoni kwake moto ukiwaka. Alinipa mambo mawili. La kwanza, ukihama sindano moja kwenda nyingine, vitanzi viwili vya kwanza vivute kwa nguvu, la sivyo hapo katikati panabaki ngazi mpaka chini. La pili, usipime kwa rula, mvalishe mwenye mguu. Bibi alikuwa ananiita, "Lete mguu," sindano zikiwa bado zimo. Ikibaki kama sentimita 5 kufika ncha ya kidole kirefu, anaanza kupunguza, vitanzi vinne kila baada ya mzunguko mmoja. Hayupo tena, lakini nikifika hapo bado namsikia.

Dada wa Njiro

Naomba niwaonye kwenye kufua. Jozi yangu ya kwanza ilinichukua miezi miwili. Nikaiweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikaisugua kama jinzi. Ikasinyaa ikawa ya mtoto, ngumu kama zulia. Niliumia sana. Unyoya wa sufu una magamba madogo. Joto na kusugua vinayafanya yashikane, na hayaachii tena. Maji baridi, sabuni laini, kamua ukiwa umeizungushia taulo.

Ndiyo kwanza naanza, Usa River

Shikamooni. Nina uzi mnene wa sweta. Vitanzi 64 si vitakuwa vingi?

Mwanzisha mada

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo, vingi mno. Fuma kwanza kipande cha majaribio, uhesabu vitanzi vilivyomo kwenye sentimita 10. Kisha pima unyayo wako pale palipo panapana, utoe kama sehemu moja ya kumi, maana soksi lazima ibane kidogo. Tuseme unyayo ni sentimita 22. Unafuma ya sentimita 20. Kama kwenye 10 una vitanzi 22, basi anzisha 44, 11 kila sindano. Tafuta pia sindano nene kuliko spoki. Na mstari wa kuanzia uufanye kwenye sindano mbili ukizishika pamoja, usije ukakaza kisigino kikashindwa kupita.

Mama wa Sakina, nashukuru sana kwa hilo la ovaloki. Jozi ya kwanza ya mdogo wangu ilitoboka kisiginoni baada ya safari nne, kwa hiyo hii ya sasa nimefuma kisigino nikichanganya uzi mwembamba wa nailoni. Anapanda Alhamisi. Umebaki mguu mmoja, kuanzia kifundoni kwenda chini.