Raspberry Pi 5: SSD ya NVMe na bodi ya AI vinaweza kukaa pamoja?

jirani_wa_fundi
Wakuu habari za saizi. Nina Raspberry Pi 5 ya GB 8, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nataka isimamie kamera nne za duka na stoo kwa Frigate, ile programu ya kamera, yaani irekodi masaa yote halafu usiku initumie meseji akipita mtu, sio kila paka akiruka ukuta simu inalia. Sasa naona kuna bodi za kupandisha juu ya Pi (HAT), M.2 HAT+ ya kuweka SSD ya NVMe na AI HAT+ yenye chipu ya Hailo ya kutambua vitu kwenye picha, ila zote mbili zinachomekwa kwenye kale kasoketi kamoja ka waya bapa pembeni ya bodi. Naweza kupandanisha moja juu ya nyingine zikafanya kazi zote? Saizi natumia memori kadi, nzito balaa na nimeambiwa itakufa mapema. Pia nina NVMe ile ndefu iliyotoka kwenye laptop, inafaa au nimtupie mtu? Bajeti ni ya kawaida tu msinipeleke kwenye maseva.

waya_tupu
Mkuu, hako kasoketi kanatoa leni moja, yaani njia moja ya data, ya PCIe kizazi cha 2, basi. Kuna leni nyingine nne ndani ila zishachukuliwa na chipu ya RP1 ambayo ndio inahudumia USB, mtandao na zile pini. Kwa hiyo hapo ni kichochoro cha kupita mtu mmoja, HAT mbili hazipandani.

Zipo bodi zenye swichi ya PCIe ndani zinazogawa hiyo leni mara mbili, lakini nyingi zimefungwa ASM1182e na hiyo ni ya kizazi cha 2, hata ukiilazimisha kizazi cha 3 kwa dtparam=pciex1_gen=3 kwenye config.txt haibadiliki kitu, SSD na Hailo vitagombania hizo hizo MB 400 na kitu kwa sekunde. Na usinunue AI HAT+ kwa ajili ya hizo bodi, ile chipu yake imeunganishwa moja kwa moja, haichomoki. Utatafuta moduli ya Hailo ya M.2 peke yake. Kubuti nako SSD ikiwa nyuma ya swichi kunasumbua kwenye fimuwea za zamani, uanze na amri ya rpi-eeprom-update kuisasisha, ikigoma iachie kadi kazi ya kubuti tu, mfumo wenyewe ukae kwenye SSD.

Hiyo ndefu ni 2280, yaani mm 80. M.2 HAT+ rasmi inapokea 2230 na 2242 tu. Za watengenezaji wengine zipo zinazopokea ndefu, mfano NVMe Base ya Pimoroni inayokaa chini ya Pi. Ila soma stika kwanza, kama ni SATA yenye umbo la M.2 haitaonekana kabisa hata ufanyeje.

pwani_linux
Yakhe kabla hamjamuingiza huyu gharama za swichi hebu tupige hesabu. Kamera ya kawaida inatuma tuseme megabiti 4 kwa sekunde, hiyo ni nusu megabaiti. Nne ni MB 2. MB mbili! Hata diski ya kuzunguka inacheka. Memori kadi haifi kwa sababu ya kasi, inakufa kwa kuandikwa na kufutwa mchana na usiku bila kupumzika, sasa dawa yake ni SSD yoyote nzima, si lazima ipite PCIe.

Mimi ningempa Hailo hiyo leni na SSD ningeitia kwenye kikasha cha NVMe kwenda USB, nachomeka kwenye tundu la bluu ambalo ni la gigabiti 5, na hiyo yake ndefu inaingia humo bila shida. Kubuti kwa USB pia inabuti. Kitu cha kumuumiza kichwa ni ujazo, kwa mkondo huo kamera moja inakula kama GB 43 kwa siku, nne ni 173 hivi, TB 1 haimalizi siku sita. Aiambie Frigate itunze vipande vyenye mjongeo tu.

jirani_wa_fundi
Aisee hapo umenifungua macho, mi nilikuwa nawaza kasi tu. Sasa Hailo nichukue ya TOPS 13 au 26 (trilioni za hesabu kwa sekunde)? Na kuna jamaa anauza Coral ya USB, kile kifaa cha AI cha Google, bei poa. Chaja natumia ya simu, ya wati 65, nadhani haina neno.

waya_tupu
Ina neno mkuu, tena kubwa. Pi 5 inataka ampea 5 kwenye volti 5. Chaja ya simu inafikisha wati 65 kwa kupandisha volti, 9, 15, 20, na Pi haizitumii hizo, ikibaki kwenye volti 5 nyingi zinaishia ampea 3. Pi ikigundua hivyo inabana matundu yote ya USB yagawane miliampea 600. Ukiwa na ile rasmi ya wati 27 yanapata 1600. SSD ya NVMe kwenye USB ikibanwa hivyo inapotea katikati ya kurekodi halafu utaanza kulaumu diski. Andika vcgencmd get_throttled, jibu likiwa tofauti na 0x0 umeme wako au joto vina kasoro. Na ile feni ya Active Cooler uifunge kabla HAT haijapanda juu.

mzee_wa_kerneli
Kwenye Coral: ni TOPS 4, inakula umeme kidogo, enzi zake ilikuwa mfalme. Ila programu zake zimeachwa, PyCoral, maktaba yake ya Python, rasmi iliishia Python 3.9. Ya USB ndani ya kontena la Frigate bado inapiga kazi, ya PCIe ndio usumbufu, kwenye Pi 5 lazima uweke kernel=kernel8.img kwa sababu kerneli ya kawaida inatumia kurasa za memori za KB 16 na draiva inataka KB 4. Bei ikiwa poa kweli chukua, ila kumbuka inagawana umeme wa USB na SSD.

13 inakutosha kamera nne, Frigate haichambui kila picha, inaangalia penye mjongeo. Hizo 26 ni za mtu mwenye modeli nzito.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa: Pi 5 haina kifaa cha kufungua video zilizobanwa kwa H.264, inacho cha H.265 peke yake. Kamera zako zikituma H.264 kubwa kubwa CPU ndio inabeba, na Hailo haikusaidii hapo hata uwe na TOPS mia. Kila kamera uipangie mkondo mdogo wa kutambua, mkubwa unarekodiwa tu ulivyo bila kufunguliwa.

Halafu kama hujanunua HAT yoyote bado, iangalie Orange Pi 5 Plus, bodi ya kampuni nyingine. M.2 yake ni 2280 ya leni nne za kizazi cha 3, na chipu yake RK3588 ina NPU (sehemu ya AI) ya TOPS 6 humo humo, hununui bodi ya pili. Programu zake sio laini kama za Pi, hilo nakuonya mapema.

jirani_wa_fundi
Pi ninayo tayari mzee wangu, nabaki nayo. AI HAT+ ya 13, kikasha cha USB, chaja ya 27. Coral namuachia jamaa.

pwani_linux
Sawa kabisa. Hiyo HAT inajipandisha yenyewe kizazi cha 3, usiguse config. Weka hailo-all kwa apt, ubuti upya, kisha hailortcli fw-control identify uone kama inaitika. Kikasha kikianza kukwama kwama chukua namba yake kwa lsusb uizimie UAS (njia ya kasi ya diski za USB) kwa usb-storage.quirks kwenye cmdline.txt, baadhi ya chipu za vikasha zina tabia hiyo.