Wenzangu wanataka tujiite Wakanada tukiwa Ulaya. Nifanyeje?

BintiKisauni
Assalaam aleikum wanajamvi, na wengine wote hamjambo. Nataka fikra za watu waliotembea.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ni muuguzi huku Minneapolis, na nina uraia pacha, wa Kenya na wa Marekani. Mwezi wa sita tunasafiri wauguzi wanne wa wodi moja: Copenhagen, Amsterdam, halafu Paris. Hao watatu ni Wazungu, wazaliwa wa Minnesota, na ni watu wema kwangu. Mmoja wao alinitunzia watoto nilipolazwa, kwa hiyo sisemi juu ya maadui.

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mmoja ametuma picha ya bendera ndogo za Canada za kushona kwenye begi la mgongoni. Ameshaagiza nne. Mpango ni kwamba tukiulizwa na dereva wa teksi, mhudumu wa mkahawa au mtu kwenye treni, tuseme tumetoka Winnipeg, mji wa Canada, kwa kuwa ni karibu na kwetu na lafudhi hazipishani sana. Wanasema wanaona haya kwa mambo ya Trump, ushuru na maneno ya kuitaka Greenland, kisiwa kilicho chini ya ufalme wa Denmark, na wanaogopa kutukanwa.

Moyo wangu umekataa. Uongo siupendi, hilo la kwanza. La pili wao hawalioni. Wao wakiuficha Umarekani wanabaki Wazungu watatu kwenye matembezi yao. Mimi nikiuficha nabaki mwanamke mweusi mwenye mtandio. Niliwahi kupita uwanja mmoja wa ndege wa Ulaya nikienda nyumbani, askari akanitoa kwenye foleni peke yangu na kunisemesha kwa ukali. Nilipotoa pasipoti ya Marekani sauti yake ilishuka papo hapo. Kitu wanachotaka kukitupa wao ndicho kinachonikinga mimi.

Niwaambie nini bila kuvunja urafiki? Na nikisema tu "mimi Mkenya", nitakuwa nami nimejificha?

Mzee_wa_Kibokoni
Mwacha asili ni mtumwa. Sema Mombasa, yamekwisha. Hayo ya Winnipeg waachie wenyewe.

DerevaSerengeti
Dada, mimi ni dereva na mwongoza watalii, makao yangu Arusha. Jambo hili lipo na halikuanza leo. Mgeni anapanda gari anasema Canada, siku ya pili stori zikikolea anaanza "kwetu Ohio". Mara nyingi tunajua tangu mwanzo, maana ofisi ina nakala za pasipoti. Halafu kuna viza. Mmarekani akiingia Tanzania analipa dola 100, kwa sababu anapewa ile ya kuingia mara nyingi, wakati raia wa nchi nyingi wanalipa 50. Wageni wakianza kulinganisha gharama ndani ya gari, anayetaja mia ameshajitambulisha.

Sijawahi kuona mwenzangu akimchukia mgeni kwa pasipoti yake. Ataulizwa siasa za kwao, ndiyo, kwa sababu na sisi tunasikiliza BBC na DW na tuna maswali. Kuna mama mmoja wa Texas aliulizwa na mpishi wetu kambini kuhusu USAID, lile shirika la misaada la Marekani. Mwaka 2025 misaada ilipositishwa, dada yake mpishi alipoteza kazi kwenye mradi wa dawa za ukimwi, na wagonjwa wake wakawa wanampigia simu hana la kuwajibu. Yule mama hakuruka nchi yake wala hakuitetea. Aliuliza jina la dada, aliuliza wale wagonjwa wamepata wapi dawa, wakakaa pale mpaka sisi wengine tumekwenda kulala. Angesema yeye ni Mkanada, mpishi angenyamaza, na yule mama angerudi Texas hajui kitu. Waambie wenzako hivyo: anayejificha hakwepi matusi tu, anakwepa na habari za watu.

TukoEdmonton
Naandika kutoka Edmonton na hili linanigusa. Bendera hii ya jani jekundu ilianza kupepea rasmi tarehe 15 Februari 1965. Ni changa kuliko uhuru wa Tanganyika na wa Kenya. Vijana wa Canada waliizoea kwenye mabegi walipokuwa wakizunguka Ulaya miaka ya vita vya Vietnam, wasichanganywe na Wamarekani. Kisha Wamarekani wenyewe wakaiazima, na mtindo ukarudi kwa nguvu walipoivamia Iraq mwaka 2003.

Sasa fikirieni 2025. Rais wao anatutoza ushuru na kusema tuwe jimbo lao la 51. Watu wengi hapa walifuta safari za Marekani, na mikoa kadhaa iliondoa pombe za Kimarekani kwenye maduka yake. Halafu raia wa nchi hiyo hiyo achukue bendera yetu, avae, apokelewe vizuri kwa jina letu, na akilewa akagombana na mhudumu Amsterdam lawama ibaki kwetu! Mimi niliapa uraia huu kwa machozi, baada ya miaka ya kusubiri. Siutoi kwa mtu anayetaka tu kunywa kahawa bila kuulizwa maswali.

BintiKisauni
Mzee wangu wa Kibokoni, shikamoo. Nimekusoma, ila methali yako imenichoma pande zote mbili. Kwetu ni Kisauni, sikatai. Lakini wanangu wamezaliwa Minneapolis. Wakati wa korona niliwafunga macho wazee wa huku ambao watoto wao hawakuruhusiwa kuingia wodini. Nikiiruka Marekani barabarani, nimewaruka na wanangu. Ndiyo maana nauliza kama kusema Kenya peke yake ni sawa.

TukoEdmonton, maneno yako nitawapelekea kama yalivyo. Sidhani wamewahi kufikiri kwamba bendera ile ina wenyewe.

Mzee_wa_Kibokoni
Marahaba mwanangu. Umenijibu vyema, nimekuelewa.

MswahiliAarhus
Naishi Denmark, nikupe hali ilivyo. Hasira ipo, sikufichi. Mwaka 2025 kundi la Salling, wenye maduka ya Netto, Føtex na Bilka, lilianza kuweka nyota nyeusi kwenye vibandiko vya bei vya bidhaa za kampuni za Ulaya, kwa sababu wateja walitaka kujua jinsi ya kuzikwepa za Marekani. Greenland hapa si habari ya mbali. Watu wana ndugu, wana wakwe kule, wana mabosi na majirani waliotoka kule.

Lakini hasira hiyo naiona dukani na kwenye maandamano. Mgeni kunyimwa meza au kutukanwa hotelini sijaona. Mdenishi wa kawaida hata hakuulizi unatoka wapi. Ataongea nawe Kiingereza kizuri, atakupa chakula chako, ataondoka. Akikuuliza kuhusu Trump, sema unalofikiri kwa sentensi mbili, yanakwisha.

Kwako wewe dada, la kuangalia zaidi ni hilo la mtandio. Sheria ya Denmark ya 2018 na ya Ufaransa iliyoanza kutumika 2011 zinakataza kufunika uso hadharani. Mtandio wa kichwani hauguswi na sheria hizo, tembea nao. Ukiwa Copenhagen pita Nørrebro, utapata chakula cha halali na utaona wanawake waliovaa kama wewe kila kona. Mwezi wa sita huwa nashuka Copenhagen kikazi. Ukipenda niandikie faragha, mimi na mke wangu tutakupikia pilau.

KakaWaJozi
Nimesoma yote. Mimi ni Mtanzania, Mei 2008 nilikuwa Johannesburg. Fujo za kuwashambulia wageni zilianzia mtaa wa Alexandra zikasambaa. Watu walisimamishwa njiani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, anayeshindwa anapigwa. Waliuawa zaidi ya watu 60, na karibu theluthi moja yao walikuwa raia wa Afrika Kusini hasa, waliozaliwa pale, ambao hawakuaminiwa kwa sababu ya rangi iliyokolea au kwa kuwa lugha yao ni nyingine. Pasipoti hakuna aliyeiomba.

Kipindi kile nilikuwa sizungumzi Kiswahili barabarani. Mama akipiga simu nikiwa kwenye teksi naikata, nampigia usiku nikiwa nimefunga mlango. Jirani yangu wa Msumbiji alijifunza salamu zote za Kizulu na bado lafudhi ilimsaliti. Kwa hiyo mtu anayeficha kwao kuokoa roho simlaumu hata kidogo, wala siiti dhambi. Lakini wenzako hakuna anayewatafuta, dada. Wanachotaka kuokoa ni raha ya likizo. Tafadhali wasivichanganye vitu hivi viwili mbele ya mtu aliyeona cha kwanza.

Nahodha
Haki yao pia isemwe. Hofu ya Wamarekani haikuzuka hewani. Ubalozi wao ulipotekwa Tehran Novemba 1979, wanadiplomasia sita walijificha kwenye nyumba za Wakanada, na Januari 1980 wakatoroka wakiwa na pasipoti za Canada walizotolewa na serikali ya Canada yenyewe. Juni 1985 ndege ya TWA, shirika la ndege la Marekani, iliyotoka Athens kwenda Rome ilitekwa, watekaji wakakusanya pasipoti kutafuta Wamarekani, na wakamuua mwanamaji wa Marekani, Robert Stethem. Waliokuwa watu wazima wakati huo wamewalea watoto wao na habari hizo, na watoto ndio hao wenzako.

Ila mimi tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Nairobi. Bomu lililenga ubalozi wa Marekani. Pale Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, Wamarekani kati yao walikuwa 12, na waliobaki karibu wote ni Wakenya: makarani, wanafunzi, watu waliokuwa kwenye basi. Dar es Salaam siku ile ile walikufa 11. Sisi hatukuwa na bendera ya kushona begani ya kutuokoa. Wewe BintiKisauni unalijua hili, wenzako huenda hawalijui. Wasimulie mkiwa kwenye ndege.

WakiliPwani
Niongeze upande wa sheria, maana hapa mtu anaweza kujiumiza. Kumwambia dereva wa teksi kwamba umetoka Winnipeg si kosa la jinai. Kumwambia afisa wa mpaka au polisi ni jambo jingine kabisa. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, zilianza kuchukua alama za vidole na picha ya uso ya wageni wasio raia wa Ulaya, kwa hiyo uraia wako umo kwenye mfumo tangu unaposhuka. Wewe utaingia kwa pasipoti ya Marekani, ambayo haihitaji viza kwa siku 90 ndani ya siku 180. Ya Kenya ingehitaji viza. Tena sheria ya Marekani inataka raia wake atoke na kurudi kwa pasipoti ya Marekani. Hapo huna la kuchagua.

Sasa jambo ninalotaka wauguzi wanne walifikirie. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kibalozi unampa mgeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kujulishwa akiomba. Ukianguka kwenye ngazi ukapoteza fahamu, begi lina bendera ya Canada, na aliyekusaidia anasema "aliniambia ni wa Winnipeg", watampigia nani? Ninyi mnapokea majeruhi wasiojulikana kila siku, mnajua saa ya kwanza ilivyo. Jiandikisheni kwenye STEP, ule mpango wa wizara yao ya mambo ya nje wa kuwaarifu raia walio safarini, na kila mmoja abebe nakala ya pasipoti mahali tofauti na pasipoti yenyewe.

Kuhusu swali lako la mwisho: pasipoti yako ya Marekani yenyewe imeandika umezaliwa Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010 inakuruhusu uraia wa nchi mbili. Ukimwambia mtu "mimi natoka Mombasa, naishi Minneapolis", kila neno hapo ni kweli. Ukisema Mombasa tu kwa mtu wa treni, pia ni kweli. Hudaiwi historia ya maisha na kila anayekaa kiti cha pili.

DadaMuskati
Usiwaambie kwenye kundi la WhatsApp. Mpigie kwanza yule aliyekutunzia watoto, mwambie habari ya yule askari. Maandishi yatasomeka kama unawasuta.

BintiKisauni
Ahsanteni sana wote. DadaMuskati, nimefuata lako. Nimempigia jana usiku. Nilipomweleza habari ya uwanja wa ndege alinyamaza, kisha akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia. Nikamwambia hatujawahi kusafiri pamoja. Amesema bendera yake haishoni. Nimempa pia maneno ya TukoEdmonton, akasema kweli hakulifikiria kwa upande wa Wakanada.

Aliyeziagiza bado ameshikilia lake. Nimemwambia kwa upole kwamba akiulizwa ajibu atakavyo kwa nafsi yake, ila asiniingize mimi kwenye Winnipeg, na mbele ya polisi au afisa yeyote tutasema ukweli sote wanne. Hilo la pili amelikubali. La kwanza amesema tutaona. Wa nne hajajibu, yuko zamu ya usiku wiki hii.

WakiliPwani, STEP nimejiandikisha asubuhi hii na nimewatumia wote. MswahiliAarhus, nakuandikia faragha na tarehe. Huyo wa bendera namleta na yeye kwenye pilau.