Ua la nyanya lenye petali tisa: mbegu zake zitatoa hivyo hivyo? Naombeni ushauri

MkulimaWaKisesa: Wakuu, heshima kwenu. Nina bustani ya nyanya huku Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Ua la nyanya nalijua, petali tano, sanasana sita. Sasa kuna mche umetoa ua la petali tisa, na tunda linakuja bapa, lina mikunjo. Nikitunza mbegu zake nitapata nyanya za hivyo? Nijibuni haraka, usingizi sipati.

SangaraMkavu: Nimekaa siti ya mbele. Ila nyanya inakunyimaje usingizi? Sisi wa ziwani ua tunalolijua ni la gugu maji. Petali sita, ya juu ina jicho la njano, na sijawahi kuona jicho limehamia chini. Enzi za kivuko cha Kigongo–Busisi, kabla ya daraja, hilo gugu lilitukamata na mtumbwi mpaka usiku. Tulikula mihogo mibichi siku hiyo.

MamaWawili_Pasiansi: Marehemu bibi alikuwa anang'oa mche wa namna hiyo, eti mkosi. Mkosi siuamini. Tamaa naiamini.

MwalimuWaBaiolojia: Mkuu, kabla sijajibu: maua yote ya mche huo yako hivyo, au ni moja? Na mbegu uliyopanda ni chotara?

MkulimaWaKisesa: Mwalimu, mengine sijayaangalia vizuri. Mimi nauliza kuhusu mbegu tu.

MwalimuWaBaiolojia: Na mimi nauliza hizo hizo mbegu. Jibu.

MkulimaWaKisesa: Haya. Ni ua moja, la kwanza kabisa kwenye mche. Yaliyofuata yana tano tano. Mbegu ilikuwa chotara, ya dukani. Ila sioni tatizo, maana wenzangu wa kikundi wameshalipia elfu tano tano na nimewaambia ni aina mpya. Tunda likiiva nagawa.

SangaraMkavu: Usingizi tumeupata ulikokwenda 😂

MwalimuWaBaiolojia: Sikiliza. Ua linaanzia kwenye kinundu cha seli changa. Kuna jeni zinazochochea seli hizo ziongezeke, nyingine zinashika breki. Breki ikilegea kinundu kinatanuka, na nafasi ya petali na vyumba vya mbegu inaongezeka. Nyanya pori ina vyumba viwili. Zile kubwa bapa za sokoni zinapita hata vinane, kwa sababu wakulima wa zamani walichagua mimea yenye breki dhaifu. Hiyo inarithiwa, lakini inaonekana mche mzima. Ua la kwanza peke yake kutanuka ni jambo la kawaida kwa nyanya, mche ukinenepa au hali ya hewa ikiyumba. Hapo jeni haijaguswa. Halafu mbegu ya chotara hata bila ua la ajabu itakutawanyikia, kila mche na sura yake.

Si wewe wa kwanza kudhani umepata aina mpya. Mwaka 1744 Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea, aliandika kuhusu mmea wa kwao ambao ua lake, kama la kunde, lina njia moja tu ya kulikata upate nusu mbili zinazofanana. Aliletewa lililo sawa pande zote, lenye mikia mitano badala ya mmoja. Akaliita Peloria, akadhani ni chotara wa mimea miwili. Mwaka 1999 watafiti wa Norwich, Uingereza, walionyesha kwamba jeni ya CYCLOIDEA, inayolipa ua upande wa juu na wa chini, ilikuwa imezimwa kikemikali bila maandishi yake kubadilika. Na hali hiyo ya kuzimwa ilirithiwa.

MkulimaWaKisesa: Ilirithiwa! Umejijibu mwenyewe, mwalimu.

MwalimuWaBaiolojia: Ule ni mmea mwingine, na jeni ya upande, si ya idadi. Usichukue unachokitaka ukaacha mengine.

JiweLaBismarck: Hii chai, tena ya tangawizi. Akaunti mpya, picha hakuna, petali "tisa". Kesho utasikia "mbegu zinapatikana, njoo inbox". Moderator angalia huyu.

MkulimaWaKisesa: Kamera ya simu imekufa, bosi. Petali zimeshanyauka, lakini vile vijani vinavyolishika tunda juu vipo, hesabu tisa. Chini ya tunda kovu si nukta kama nyanya nyingine, ni mstari wa kahawia unaokwenda kombo mpaka pembeni, umekauka mgumu, ukipitisha kucha unakwaruza.

MwalimuWaBaiolojia: Jiwe, huyu tunda analo. Ua lililotanuka kile kijiti chake cha kati kinakuwa bapa, kinaacha kovu la mstari. Mtunga chai asingefika huko.

JiweLaBismarck: Au amesoma mahali. Siti yangu sihami.

MwalimuWaBaiolojia: Rudisha hela za watu. Kuuza mbegu na kuiita aina mpya bila TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ni kujitafutia kesi. Ukitaka uhakika, chukua machipukizi ya kwapani ya mche huo, yaoteshe, uhesabu petali za maua mengi.

MkulimaWaKisesa: Hela zimeshaingia kwenye pampu ya kumwagilia. Ila mwalimu nakushukuru. Hayo machipukizi ya kwapani huwa yanauzwaje kwa moja?